Papa Asikilike mu Lupango

Butembo, 12 Januari 2003

Tonton Zacharie,

Kuko neno moja sijaambia mutu, ata Solange, ata padri mu confession: ile mashini ya ordinateur uliyotutumia haikamati réseau ya internet, na miye nimedanganya jamaa yote kama inakamata.

Najua barua inaanzaka na salamu. Mais nikianza na salamu nitafika chini ya ukurasa bila kusema kitu, sawa vile nafanyaka siku zote. Sasa neno limetoka, na salamu njo hizi. Mama anakusalimia, weye ndugu yake wa pekee. Maharagi yake inauzika kidogo kidogo ku soko. Mukaka, nyanya yetu, anauliza kama Tantine Débora, muke wako, amekwisha kuzaa, na anasema ukikawia kumuandikia atakuja Beni na miguu, apite Kalunguta na fimbo yake, na basoldat ya ku barrière ya njia batamupisha bo benyewe. Mvua haiishe. Yaya Solange, dada yangu mukubwa, anakunja na kukunjua kitambaa yake ya arusi karibu kila siku, mpaka rangi itaisha.

Juu ya arusi hiyo njo nadanganya. Unajua Mardochée wa Kipese anamungojea Solange mwaka wa pili sasa. Mbuzi ziko tayari. Mais Baba Mukubwa Lusenge anakataa kupokea mahari mahali pa papa. Anasema: "Josaphat ni mudogo wangu, na iko muzima. Mutu akiwa muzima, hapana kumunywea kasikisi, pombe ya ndizi, ya mahari ya binti yake. Akifa nitakunywa. Hajafa." Na papa iko Kinshasa tangu Juillet 1998. Alienda majuma matatu kutafuta bipande vya camion, vita ikafunga njia nyuma yake, na majuma matatu imekuwa karibu miaka tano.

Donc ulipotuma mashini kutoka kwa rafiki yako wa Dubai, furaha ilijaa mu nyumba. Papa ataingia ku cyber ya Kinshasa, atasema mu micro, na bakwe batamusikia hapa, mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba, na masikio yao. Kwa Masista, majirani benye internet, tunaweza kumuandikia papa, hiyo ni kweli, mais kile chumba chao kina viti vinne, kuko foleni ya bacommerçant, na Sista Yolande amesema mbuzi na kasikisi haviingie kwake ata kama ni harusi ya Kana. Alinipa mot de passe, neno la siri la réseau yao, kwa roho safi. "Antena yetu iko nyuma ya ukuta wenu," aliniambia, "hatua makumi sita. Mutakamata tu."

Jumapili Baba Mukubwa akaita mukutano. Batu makumi mbili mu salon. Akaniuliza mbele ya bote: "Bénie, mutoto wa masomo, ile mashini inakamata?"

Tonton, unanijua. Nilitaka kusema "bado". Kichwa kikatikisika chenyewe, juu, chini. Bakapiga mikono! Mukaka akapiga vigelegele! Siku ikawekwa palepale: jumamosi kisha Pasaka, tarehe 26 Aprili. Na mujumbe wa bakwe, muzee Maliro, akasema polepole wakati anavaa kofia: "Hii ni mara ya mwisho. Kuko nyumba ingine Masereka iko na binti."

Mu chumba changu mashini inaonyesha vijiti vya réseau bila rangi, na alama nyekundu juu yake. Ku kizingiti kijiti kimoja kinakuja, kinaenda. Nisaidie. Weye unatengenezaka ata phonie za bapadri, zile radio za kuongea mbali. Usiambie mama.

Binti yako,
Bénie


Beni, 27 Januari 2003

Bénie, mutoto wa yaya yangu,

Nilisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nikacheka mpaka Débora akauliza nani ameolewa. Hapana, hajazaa bado, tumbo inamutangulia ku mulango dakika tano nzima. Mwambie mukaka abakie na fimbo yake. Beni imejaa batu batoka ku vita ya Mambasa, mu salon yetu kunalala jamaa mbili, na batoto bao banasikiliza phonie yangu sawa vile ni teatre. Chakula iko. Mungu iko.

Nilitaka kuja miye mwenyewe. Kwa sasa kazi ni nyingi. Tutaona.

Sasa kausha macho. Kutikisa kichwa ni zambi ndogo. Zambi kubwa ni kuacha mashini bila kuitafutia dawa, na tuko na miezi tatu! Unajua bamonganga batatu ya Butembo banaweza kutibu mutu kwa miezi tatu?

Sikiliza. Réseau isiyo na waya ni ndugu mudogo wa phonie, inarisi tabia zote za jamaa. Haipende manjanja, bati ya juu ya nyumba, haipende ukuta munene, haipende kulala chini. Livret, kitabu cha maelezo ya mashini, ilibakia kwangu, nilisahau kuitia mu gari. Iko na Kingereza na Kiarabu. Kiarabu nasoma picha tu, mais picha moja inaonyesha kifungo kidogo ku ubavu wa kuume. Hicho njo kinaamusha réseau. Kisukume. Kisha kamata mashini na utembee nayo mu lupango yote, mais hapana kukimbia nayo sawa mwizi wa kuku! Simama kila mahali, hesabu mpaka makumi mbili, andika vijiti ngapi. Uiweke juu: ku meza, ku kiti, ku kichwa cha Solange kama anakubali. Igeuze uso, mugongo, ubavu. Mu phonie hatua moja inaweza kukutoa ku kelele na kukutia ku sauti ya mutu.

Ili papa asikilike, unahitaji vijiti vitatu. Vinne, na atakohoa Kinshasa mutamupa dawa.

Andika mbio. Na usimwambie Lusenge kitu bado. Ule muzee akisikia "bado," anasikia "hapana."

Muyomba wako,
Zacharie


Butembo, 9 Februari 2003

Tonton Zacharie,

Salamu ya bote. Mama alipata homa, imekwisha. Mukaka anasema asipoona jina la mutoto wa Débora mbele ya Kwaresima atamupa jina yeye mwenyewe, na haitakuwa jina muzuri. Mu Butembo watu wanafunga milango mapema, mais masomo inaendelea.

VIJITI VIWILI, TONTON! Viwili!

Acha niseme kwa mustari. Kile kifungo kilikuwa kimekwisha kuamushwa. Nilipokisukuma nikakizima, nikalia, nikasukuma tena, nikaacha kulia. Kisha nikatembea. Solange alikuwa na cahier ya kuandikia, miye na mashini ku mikono sawa Sakramenti. Mu chumba: bule. Mu salon: bule. Ku kizingiti: kimoja. Chini ya muti wa avoka: kimoja. Juu ya nyumba ya sungura: kimoja, na cha pili kinachungulia. Sungura bote bakasimama kutuangalia. Na ku pembe ya ukuta wa nyuma, juu ya tabure: VIWILI, havitembee! Nikapiga kelele. Miye, Bénie! Mukaka akatoka na mupanga, akifikiri ni nyoka.

Nikaandika palepale: "Papa, ni Bénie, niko ku nyumba." Alikuwa ku cyber yake, juu kila Jumapili anaendaka. Akajibu: "Nyumba gani?" Nikaandika: "KWETU." Kisha akaandika: "Muti wa avoka ingaliko?" Nikamuambia nauona kutoka pale nimesimama.

Mais sauti haipite. Tulijaribu micro. Nilisikia kr-kr-kr, neno nusu, kr-kr. Na tena, ile pembe ya vijiti viwili... ni pembe ya choo. Solange akaangalia tabure, akaangalia mulango wa choo.

"Bakwe yangu batakaa hapa?"

"Njo pahali pa réseau."

"Muzee Maliro akunywe kasikisi yangu mbele ya choo? Afazali nizeeke mu nyumba ya mama yangu."

Kisha akacheka, akalia, akanipiga na cahier. Nilimwambia kweli, donc sasa ni sisi babili tunaojua. Jioni ku meza Baba Mukubwa akauliza: "Inakamata vizuri?" Nikatikisa kichwa tena. Sijue namna kichwa hiki kimefungwa ku shingo.

Kama kazi imepunguka, kuja. Tafazali.

Bénie


Beni, 16 Machi 2003

Bénie,

Usihesabu siku, barua yako ilipita mu mikono mingi mbele ya kunifikia. Débora amezaa binti! Jina ni Orpa, iko na mapafu ya padri ku Pasaka. Mwambie mukaka jina limekwisha kupatikana, aweke lake ku akiba.

Usiulize juu ya karatasi hii. Njo ninayopata pale niko natumika sasa. Kuja Butembo, tuache kwanza habari hiyo.

Vijiti viwili ku choo! Nilipiga mezani, mwenzangu mumoja akashituka. Donc mashini ni nzima, ina masikio, kuko kitu kinayafunika. Nimesoma livret usiku na mchana. Kuko neno moja hapo: mashini ikitumia batiri bila courant ya umeme, inapunguza nguvu ya réseau ili batiri isiishe mbio. Sawa mwanamuke anayepunguza mafuta mu taa. Uingie mu réglages, ku mipangilio ya mashini, pale bameandika économie, uweke nguvu yote. Batiri itakula, iache ikule.

Na unichoree mashini yenyewe. Yote, sawa vile iko ku meza yako leo, mbele na nyuma, kila kitu kinachoigusa. Miye niliiona saa moja tu mbele ya kuifungasha. Monganga hawezi kutibu mutu hajaona ata picha yake.

Nguvu, mutoto wangu. Zimebakia siku makumi ine na moja.

Zacharie


Butembo, 23 Machi 2003

Tonton,

Karibu kwa Orpa! Mukaka amecheza mu jikoni na sufuria ku mukono. Mama anashona kofia ya mutoto, ya njano. Solange anatuma kilo mbili za maharagi na mwenye gari huyu huyu, uangalie kama zinafika mbili.

Niliingia mu réglages. Ilikuwa ku économie kabisa! Nikaweka nguvu yote, na mu lupango, mahali tunapotaka kuweka viti, kijiti kilikuwa kimoja, sasa ni kimoja na nusu, kinasimama, kinalala, kinasimama. Inaenda mbele! Mais haifike vitatu. Papa alisema neno moja nzima, "Solange," kisha kr-kr. Alilisikia mwenyewe, Solange. Anatembea nalo siku zote.

Muzee Maliro alipita alhamisi kuangalia lupango. Alipima na macho pale mbuzi zitafungwa, pale bazee batakaa. Akamuuliza Baba Mukubwa: "Na ile mashini yenu, muliijaribu?" Baba Mukubwa akasema: "Nilisalimiana na Josaphat juzi." Nilikuwa natoa chai, kikombe kikaanguka. Sijue alisema hivyo kwa nini. Hajagusa mashini ata mara moja.

Picha iko nyuma ya karatasi hii. Sijue kuchora. A ni écran ya kuangalia. B ni clavier ya kuandikia. C ni kile kifungo. D ni musalaba mweupe ku mugongo wa écran. E ni riveti nne, moja kila pembe. F ni maneno ya rangi nyeupe, VITU VYA MISA. G ni mikono yangu, usiihesabu.

Bénie


Beni, 3 Aprili 2003

BÉNIE!

Musalaba? Riveti? Mashini ingali na nguo yake ya BATI?

Débora anakusalimia, Orpa anakusalimia, maharagi ilifika kilo moja na nusu, nakwambia hayo mbio mbio juu kalamu haitulie. Ni miye! Ni muyomba wako, fundi wa phonie wa Beni muzima, njo nilimufunga Josaphat!

Mu Décembre, mbele mashini ishuke Butembo, niliogopa zile barrière. Basoldat bakiona ordinateur mupya, inabakia kwao. Nikaenda kwa fundi wa manjanja, nikamwambia: ivalishe bati, ikunje pembeni, ipige riveti, uandike vitu vya misa na musalaba mukubwa. Ilipita barrière zote, moja ata bakatoa kofia! Mais nilifikiri ikifika mutaivua siku ile ile, sawa vile mutu anavua ganda la ndizi. Sikuandika neno. Kwa nini muandikie mutu amenye ndizi?

Sasa sikiliza: masikio ya mashini hii iko MU MUGONGO WA ÉCRAN. Niliona mu picha ya livret leo asubui, nyuzi mbili zinapanda pembeni ya kioo. Tuliifunga masikio na bati, kisha tunaiuliza kwa nini haisikie.

Itoeni! Koleo ndogo, kata kichwa cha riveti, kunjua pembe polepole, usisukume kioo. Na kama kuko mutu anakataa, tia radio yake mu malle, sanduku ya chuma, ufunge kifuniko. Hapana kusema neno. Radio itasema.

Siku makumi mbili na tatu. Mbio!

Zacharie


Butembo, 13 Aprili 2003, Jumapili ya Matawi

Tonton,

Bote ni bazima. Nakuandikia matawi ingali mu nywele.

Nilijua kwa nini bati haikutoka, na sikukuandikia juu nilifikiri unajua. Siku mashini ilifika, Baba Mukubwa aliipeleka kwa abbé, na abbé akaibariki na mayi ya baraka, bati na musalaba na vyote. Kisha Baba Mukubwa akasema: "Kitu padri amebariki, batoto hawakifungue." Njo maana. Nani angemujibu?

Leo kisha misa alikuwa mu kiti chake, radio ku goti, anangojea habari ya saa sita. Nikaleta malle ya mama. Nikafungua. Nikanyoosha mikono, akanipa radio, akifikiri nataka kubadilisha batiri. Nikaiweka ndani inasema, nikafunga.

Sauti ikakufa.

Akaangalia malle. Nikafungua: "...ku mazungumzo ya amani..." Nikafunga. Bule. Nikafungua: "...bajumbe..." Nikafunga. Mukaka akasema: "Mutoto, uache ule mutu amalize ata neno moja!"

Kisha nikaleta mashini, nikaweka kidole juu ya bati. Hapo nilipashwa kusema, Tonton, juu malle haijue kuomba musamaha. Nikasema: "Baba Mukubwa, ile siku ya mukutano nilitikisa kichwa. Ilikuwa bongo, nilidanganya. Haijakamata vizuri ata siku moja."

Aligeuza mashini, akapitisha kidole ku musalaba, ku riveti, moja, mbili, tatu, nne.

"Donc miezi tatu hii," akasema, "tulimufungia Josaphat mu malle."

"Ndiyo, Baba Mukubwa."

"Na miye nilimwambia Maliro nimesalimiana naye." Akakohoa. "Weye ulidanganya na kichwa. Miye nilidanganya na kinywa, na niko na miaka makumi sita na mbili. Lete koleo."

Alikata riveti yeye mwenyewe, mikono yake minene, ulimi inje sawa mwanafunzi. Bati ikatoka. Mugongo wa mashini chini yake ni mweusi, unangaa, mupya kabisa! Aliiosha bati, anataka kuitundika ku ukuta wa salon. Nikawasha mashini palepale ku goti lake.

Vijiti vinne. Mu salon, Tonton! Chini ya manjanja! Solange alitoka akikimbia mu lupango, akazunguka muti wa avoka mara mbili.

Bado siku kumi na tatu. Andika. Ao usiandike, kuja.

Bénie


Butembo, 26 Aprili 2003

Tonton Zacharie,

Haukujibu. Njo naandika bila kungojea, na sitaanza na salamu leo pia, juu bote bako mu lupango banakula, utasikia kelele yao ata mu karatasi.

Bakwe balifika saa tatu ya asubui kutoka Kipese, mbuzi mbele, matope mpaka ku magoti. Mbuzi kumi na mbili, moja ya kumi na tatu ya kuchinja. Bazee bakakaa pale Maliro alipima. Mashini ku meza ndogo na kitambaa ya mama, inaangalia ukuta wa Masista, vijiti vinne. Miye ku kiti nyuma yake. Tulimwambia papa saa ine kamili. Saa ine ikafika. Papa hayuko. Saa ine na nusu. Hayuko. Mbuzi zikaanza kukula maua ya mukaka.

Maliro akasema, batu bote basikie: "Huyu Josaphat wenu, mulisema iko muzima. Hamukusema iko na usingizi."

Bakacheka. Solange, ku dirisha, akafunika uso. Na hapo nikaelewa, Tonton, nikasimama, na sauti ikatoka, kubwa, sijue ilikuwa inakaa wapi: "Muzee, Kinshasa iko nyuma yetu na saa moja! Kwao bado saa tatu na nusu! Papa hajakawia, ni sisi tunaharakisha!"

Maliro akaangalia saa yake, akaangalia jua. "Sasa hii serikali," akasema, "ata saa hawakutupa moja." Na akakaa.

Kisha nusu saa, mashini ikalia. Nikafungua sauti yote. Papa akasema: "Allô, lupango?"

Sauti yake inakawia kidogo, inapita mu mbingu mbele ya kushuka, donc kila mutu alijibu wakati yeye anaanza tena, bakagongana sawa bacamion ku kona. Mama alisema jina lake mara moja tu, Josaphat, akakaa chini. Baba Mukubwa akatoa kofia mbele ya mashini. Maliro akasimama na kibuyu, akauliza sawa desturi inavyotaka:

"Mwenye lupango. Tumekuja na miguu. Tukunywe, ao turudie?"

Tukangojea. Nikaangalia vijiti. Vinne, vimesimama.

"Mbele nijibu," papa akasema, "kuko mutu anapumua hapa karibu kabisa. Tangu mwanzo. Ni nani?"

Bote bakaniangalia.

"Ni miye."

"Miye nani?"

"Ni Bénie, papa."

Kisha: "Bénie iko na miaka kumi na moja. Huyu ni mwanamuke mukubwa."

"Niko na kumi na sita, papa."

"Na leo amepigia Maliro kelele!" mukaka akalia kutoka jikoni. Lupango yote ikacheka, na kicheko kikaenda Kinshasa, na kisha kidogo tukasikia papa anacheka peke yake, mu kimya yetu. Mbuzi moja ikalia karibu ya micro. Papa akauliza: "Hiyo ni mbuzi ya kweli, ao Lusenge anaigiza?" Baba Mukubwa akasema ni ya kweli, ya Kipese, na mafuta. Papa akapumua. Nilimusikia vizuri, vile yeye alinisikia.

"Maliro," akasema. "Mukunywe. Solange wetu ni wenu. Mukunywe, na munibakizie."

Vigelegele, Tonton! Mardochée alianguka na kiti. Solange alitoka, akaja mbele ya mashini, na habari yake na papa sikusikia, nilifunika masikio kwa heshima.

Kisha kidogo papa akaniita tena. Amesema anabakia ku cyber mpaka bafunge. Kama kuko mutu hapa mwenye jamaa Kinshasa hajasikia tangu vita, aandike jina na avenue, njia pale anakaa, yeye atatuma mutu kuita. Baba Mukubwa alitangaza neno hilo mara moja tu, mu lupango. Mara moja imetosha.

Sasa niko mu chumba na mashini. Vijiti vitatu ata hapa. Nimekusimulia ya leo yote, imebaki yako tu. Karatasi zako mbili za mwisho ziko na muhuri wa état-major ya basoldat ku pembe, ulijaribu kuukata, haukutoka wote. Najua sasa unasemesha phonie ya nani, na kwa nini hauwezi kupanda gari kuja. Sitauliza. Njo nakuandikia tu kama Orpa ana kofia ya njano, na kama kuko kibuyu kimoja hapa kimefungwa, jina lako juu, hakuna mutu anakigusa.

Nasikia miguu ku mulango. Zamani ningesukuma barua hii chini ya mukeka. Iko ku meza, wino haujakauka, naiacha.

Ni mwalimu Benoît, anayetufundisha physique. Serikali ilimutuma kutoka Bandundu mbele ya vita, na hajarudi. Mu classe anatuogopesha bote. Sasa amesimama ku mulango, viatu ku mukono juu ya matope, na kipande cha karatasi kimekunjwa mara nyingi.

"Samahani, Bénie. Nasikia baba yako... Ni mama yangu. Iko Matete, kule Kinshasa. Sijue kama ingali ku avenue ile."

Nyuma yake naona wengine, mpaka ku muti wa avoka, kila mutu na karatasi yake. Nimesukuma kiti, nimeweka micro mbele yake.

"Ingia, mwalimu. Soma avenue kwa nguvu. Papa anasikia."